Process Explorer na kidirisha kisicho na mwenyewe

Kidirisha chenyewe kilikuwa kidogo, hakikuwa na jina juu yake wala maelezo yoyote zaidi ya mstari wa kijani uliojaa hadi robo tatu ukasimama hapo. Kilikaa katikati ya skrini, juu ya kila dirisha jingine, na kila niliporudi kwenye waraka niliokuwa nikiuandika nilikikuta kimenitangulia. Alama ya kukifunga ilikuwa imefifia, na kitufe cha Esc hakikukitikisa. Nilichoweza ni kukiburuta tu, kwa hiyo nikakisukuma pembeni hadi nusu yake ikapotelea nje ya skrini, nikaendelea kuandika huku nusu iliyobaki ikinikodolea macho. Task Manager, zana ya Windows yenyewe ya kuorodhesha programu zinazoendeshwa, ambayo ndiyo wengi wetu huikimbilia, ilinionyesha programu tatu nilizozifungua kwa mkono wangu, na chini yake orodha ndefu ya michakato ya chinichini ambayo hakuna hata mmoja uliojitambulisha kuwa ndio wenye kidirisha hicho.

Siku hiyo ndipo nilipoifungua Process Explorer, zana ya kuchunguza programu zinazoendeshwa kwenye kompyuta, iliyokuwa imelala kwenye folda kwa miezi kadhaa, na kuitumia kwa makini kwa mara ya kwanza. Uhakiki huu unaihusu kwa kazi hiyo moja: kumtambua mwenye kidirisha kilichokwama na kuamua la kumfanya. Programu hii ina mambo mengine mengi, na wapo mafundi wanaoitegemea kupima matumizi ya kumbukumbu na ya kichakataji, lakini mtu ambaye skrini yake imezibwa hana haja na hayo kwa wakati huo.

Ni zana ya Windows na hailipiwi. Imo katika mkusanyiko wa Sysinternals ulioanzishwa mwaka 1996 na Mark Russinovich pamoja na Bryce Cogswell, kisha ukanunuliwa na Microsoft mwaka 2006. Tangu hapo zana hizo hupakuliwa kutoka kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe, jambo ambalo kwangu lina uzito, kwa sababu programu inayoruhusiwa kuchungulia ndani ya programu nyingine zote si kitu cha kuokota popote. Haisakinishwi: unapakua faili moja ya zipu yenye megabaiti chache, unaifungua, na ndani yake unakuta faili ya kuendesha ambayo inaweza kukaa hata kwenye fleshi na kutumika kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Ni vyema kuipakua mapema, kwa kuwa siku ambayo kidirisha kimefunika nusu ya skrini si siku nzuri ya kuanza kutafuta vitu kwenye kivinjari. Kichekesho ni kwamba mara ya kwanza unapoifungua, jambo la kwanza inalofanya ni kukuletea kidirisha, yaani mkataba wa matumizi unaopaswa kuukubali kabla ya kuendelea.

Ukishakubali, unakutana na jedwali lililosongamana. Kila mstari ni mchakato mmoja, na michakato imepangwa kama mti wa ukoo, ambapo mchakato uliozinduliwa na mwingine huonekana chini ya mzazi wake, umesogezwa kidogo kuelekea kulia. Rangi zina maana: michakato iliyo chini ya akaunti yako ina rangi moja, huduma za mfumo zina rangi ya waridi, mchakato unaozaliwa humulikwa kwa kijani na unaokufa humulikwa kwa nyekundu kabla ya kutoweka. Jedwali hujisasisha kila sekunde moja, hivyo mistari hurukaruka mbele ya macho yako, na mtu asiyeizoea huhisi kama anajaribu kusoma bango akiwa kwenye gari linalokimbia. Kubonyeza kitufe cha nafasi kwenye kibodi husimamisha usasishaji huo. Ningependa jambo hilo dogo liandikwe mahali fulani panapoonekana, kwa sababu mimi nililigundua kwa bahati.

Kitu kilichonifanya niandike uhakiki huu kimo kwenye upau wa zana ulio juu: alama ndogo inayofanana na shabaha ya mlenga bunduki, duara lenye mistari miwili inayopishana. Alama hiyo haibofywi ikaachiwa; unaibonyeza kwa kipanya bila kuachia, unaiburuta hadi juu ya dirisha lolote lililo kwenye skrini, nalo dirisha hilo huzungushiwa fremu kuonyesha kwamba ndilo unalolilenga. Ukiachia kipanya, Process Explorer inakupeleka moja kwa moja kwenye mstari wa mchakato unaolimiliki. Nilikilenga kile kidirisha changu kisicho na jina, nikaachia, na kwa muda usiozidi kupepesa jicho mstari mmoja ukawa umechaguliwa. Uliandikwa rundll32.exe.

Mtu anayeishia hapo anaweza kukata tamaa, kwa maana rundll32.exe ni sehemu halali ya Windows, ina saini ya Microsoft, na jina lake halisemi lolote kuhusu kazi inayofanywa. Kazi yake ni uchukuzi: inabeba maktaba ya programu nyingine na kuiendesha, kama hamali anayebeba mzigo usio wake, na ukimtazama hamali tu huwezi kujua gunia ni la nani. Hapo ndipo Process Explorer inapostahili sifa yake, kwani unapoweka mshale wa kipanya juu ya mstari huo na kutulia kidogo, inakuonyesha amri nzima iliyotumika kuuzindua. Amri hiyo ilikuwa na njia ndefu ya folda, na katikati ya njia hiyo lilisomeka wazi jina la printa ambayo nilikuwa nimeichomoa na kuiweka kabatini wiki kadhaa zilizopita. Kidirisha kilikuwa cha programu saidizi ya printa hiyo, iliyokuwa ikisubiri jibu kutoka kwenye kifaa ambacho hakipo. Sina haja ya kumtaja mtengenezaji. Tabia hiyo nimeiona kwa zaidi ya mmoja.

Kwa uadilifu ni lazima niseme kwamba Task Manager nayo inaweza kuonyesha amri ya kuzindulia, ukiongeza safu hiyo kwenye ukurasa wa maelezo. Lakini ili uisome ni lazima kwanza ujue usome mstari upi kati ya mamia, na hilo ndilo swali ambalo shabaha inalijibu. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini shabaha hiyo haijahamishiwa ndani ya Task Manager, ilhali zana zote mbili ziko chini ya paa moja.

Kumjua mwenye kidirisha kuna umuhimu unaotokana na jinsi Windows inavyoendesha madirisha yake. Kila dirisha liko chini ya uzi mmoja wa utekelezaji, yaani mfululizo mmoja wa maagizo yanayotekelezwa, ndani ya programu fulani, na uzi huo una foleni ya ujumbe ambamo mfumo huweka kila tukio: umebofya hapa, umebonyeza kitufe kile, dirisha linahitaji kuchorwa upya. Uzi ukizama kwenye kazi nyingine na kuacha kuichukua foleni hiyo kwa sekunde 5 hivi, mfumo unalihesabu dirisha kuwa haliitikii, unalififisha, na unaongeza kwenye jina lake maneno ya kueleza hivyo. Kidirisha cha swali, kwa upande wake, kwa kawaida hulizima dirisha kubwa lililokizaa hadi kitakapojibiwa. Kwa hiyo dirisha kubwa linaweza kuonekana limeganda ilhali ni zima kabisa. Linasubiri tu jibu la kidirisha ambacho mtumiaji hakioni.

Hali hii ya mwisho ndiyo ya kawaida zaidi katika uzoefu wangu, na haihitaji zana yoyote ya kupakua. Ukibofya dirisha nalo likatoa mlio mfupi badala ya kuitika, kuna kidirisha chake kilichojificha mahali. Shikilia Alt na ubonyeze Tab ili uone madirisha yote yaliyo wazi; angalia pia kama kuna aikoni inayomwekamweka kwenye upau wa kazi chini ya skrini, kwa sababu maombi ya ruhusa ya msimamizi mara nyingine hutua hapo kimyakimya huku programu ya usakinishaji ikionekana imekwama. Iwapo ulikuwa ukitumia skrini ya pili au projekta ambayo sasa imechomolewa, huenda kidirisha kimefunguka upande ambao haupo tena. Kichague, bonyeza Alt pamoja na kitufe cha nafasi, kisha herufi M, kisha mshale wowote wa kibodi mara moja. Kuanzia hapo kidirisha kitakuwa kimeshikamana na kipanya chako, na ukisogeza kipanya kitaibuka kutoka kilikokuwa. Nimewaona watu wakizima kompyuta kwa kushikilia kitufe cha umeme, wakipoteza kazi ya asubuhi nzima, kwa tatizo ambalo lingeisha kwa vitufe hivyo vichache.

Na kabla ya kukifunga kidirisha chochote cha ujumbe, hakikisha kimechaguliwa, kisha bonyeza Ctrl na C. Vidirisha vya kawaida vya ujumbe vya Windows hunakili maandishi yao yote kwa njia hiyo, jina, ujumbe na hata vitufe, ingawa maandishi yenyewe hayachaguliki kwa kipanya. Namba ndefu ya kosa iliyonakiliwa hivyo ina faida kuliko picha iliyopigwa kwa simu ikiwa imetikisika.

Turudi kwenye zana. Ukishampata mwenye kidirisha, Process Explorer inakupa hatua za ukali unaotofautiana, na hapa ndipo ninapotaka msomaji awe mwangalifu, kwa kuwa programu yenyewe haimhimizi kuanza na iliyo pole. Ukibofya mchakato kwa kitufe cha kulia cha kipanya unapata menyu yenye kipengele kinachohusu dirisha lake: unaweza kulileta mbele, kulirejesha lilivyokuwa, kulipunguza, kulikuza au kulifunga. Kufunga kwa njia hii ni kuomba kwa adabu, sawa na kubofya alama ya kufunga, na programu inapata nafasi ya kuuliza kama unataka kuhifadhi kazi yako. Kuleta mbele pekee kumeniokoa mara kadhaa, pale ambapo kidirisha kilikuwa nyuma ya madirisha mengine na hakikuonekana hata kwenye Alt na Tab.

Hatua kali ni kuuua mchakato, jambo linalofanyika kwa kitufe cha Del, au kuuua pamoja na watoto wake wote kwa Shift na Del. Hapo programu haiulizwi wala haiambiwi. Inakatwa ilipo, na kila kisichohifadhiwa kinaondoka nayo. Kuna kidirisha cha kuthibitisha kabla ya kuua, nami namsihi kila mtu asikizime, kwa sababu mstari uliochaguliwa unaweza kuwa siyo ule uliodhani, hasa jedwali linapokuwa linarukaruka. Kuua mti mzima kunahitaji tahadhari mara mbili. Programu nyingi unazozifungua kutoka kwenye menyu ya kuanzia huonekana kama watoto wa explorer.exe, mchakato wa Windows unaoendesha eneokazi na folda, na ukiuua mti wake utakuwa umefagia karibu kila kitu ulichokuwa ukikifanyia kazi.

Huyo explorer.exe anastahili neno lake peke yake, kwa maana shabaha itakuelekeza kwake mara nyingi kuliko unavyotarajia. Kidirisha cha kunakili faili, cha sifa za folda, cha kuandika amri ya kuendesha, hata eneokazi lenyewe na upau wa kazi, vyote ni vyake. Kidirisha cha kunakili kikikwama na ukamuua, aikoni zote zitatoweka na utabaki na picha ya usuli tupu, na unakili mwingine wowote uliokuwa ukiendelea utakatika. Katika hali hii nakiri kwamba Task Manager inafanya vizuri zaidi: ukimchagua mchakato huo ndani yake, tangu Windows 8, inakupa kitufe cha kumwanzisha upya badala ya kumwua, na eneokazi linarudi lenyewe baada ya muda mfupi. Kwa kidirisha cha explorer.exe, mimi hutumia shabaha kumtambua mhusika tu, kisha nafungua Task Manager kwa Ctrl, Shift na Esc na kumalizia huko.

Kisa cha pili kilinifundisha ukurasa wa nyuzi, ambao ndio sehemu ngumu zaidi ya zana hii kwa mtu asiye fundi. Nilikuwa nimeandika kwa saa mbili bila kuhifadhi, na nilipobofya kuhifadhi, kidirisha cha kuchagua folda kilifunguka kikiwa cheupe, hakina folda hata moja, na dirisha lote likafifia. Safari hii hapakuwa na fumbo la nani mwenyewe, kwani kidirisha cha kuhifadhi faili, ingawa kinafanana katika programu zote, huendeshwa ndani ya programu hiyo hiyo iliyokiita. Fumbo lilikuwa kinasubiri nini. Kumwua mhusika kungekuwa kuzitupa saa mbili. Nikabofya mstari wake mara mbili, nikaingia kwenye ukurasa wa nyuzi, nikaufungua uzi wa kwanza kutazama rundo la wito zake, yaani orodha ya nani amemwita nani hadi kufikia pale ulipokwama. Mengi yaliyoandikwa humo sikuyaelewa, wala sikuhitaji kuyaelewa. Nilichotafuta ni majina ya moduli, yaani faili za msimbo ambazo programu imezipakia, upande wa kushoto, na mojawapo lilikuwa mpr.dll, ambayo hushughulika na miunganisho ya mtandao. Nikakumbuka kwamba nilikuwa na herufi ya diski inayoelekea kwenye folda ya kompyuta nyingine, na kompyuta hiyo nilikuwa nimeizima mchana. Kidirisha kilikuwa kikiibishia hodi nyumba isiyo na mtu. Niliiwasha kompyuta ile, nikangoja ikae sawa, na kidirisha kikajaa folda zake kana kwamba hakuna lililotokea. Waraka ukahifadhiwa.

Siwezi kudai kwamba kila mtu atauona ukurasa huo kuwa rafiki. Bila kuisanidi zana ipakue alama za utatuzi za Microsoft, yaani faili zenye majina ya sehemu za ndani za programu, majina mengi ya wito hubaki kuwa moduli na tarakimu tupu, na hata ukiisanidi unahitaji uzoefu wa kukisia. Hata hivyo jina la moduli pekee hutosha mara nyingi, kwa sababu vinavyokwamisha vidirisha vya faili ni vilevile: diski ya mtandao isiyofikika, diski ya nje inayochelewa kuamka, au kiendelezi ambacho programu nyingine imekipachika kwenye menyu za folda. Kiendelezi cha namna hiyo kikipakiwa, kinaingia ndani ya kila programu inayofungua kidirisha cha faili, na kikikwama kinakwama nayo. Ndiyo maana programu isiyo na kosa lolote inaweza kulaumiwa kwa miezi. Wasiopenda kusoma nyuzi wanayo njia nyepesi ndani ya Task Manager: kwenye ukurasa wa maelezo, bofya mchakato kwa kitufe cha kulia na uchague kuchanganua mlolongo wa kusubiri. Ikiwa mchakato unasubiri mchakato mwingine, utaonyeshwa ni upi. Ikiwa unasubiri mtandao, kama wangu, kipengele hicho hakitakuwa na la kukuambia.

Matumizi mengine ya shabaha ambayo sikuyatarajia ni kuwatuliza watu walioshtushwa. Kidirisha chekundu kinachojaza skrini, kikidai kwamba kompyuta imeambukizwa virusi na kumtaka mtumiaji apige namba fulani ya simu, kinaweza kumtia hofu hata mtu makini. Kilenge kwa shabaha. Ikiwa mwenyewe ni kivinjari, basi hicho ni ukurasa wa wavuti uliovaa sare ya mfumo, na dawa yake ni kukifunga kivinjari, kisha kukataa kurejesha kurasa za awali utakapokifungua tena. Ikiwa mwenyewe ni faili yenye jina la ajabu iliyoko kwenye folda ya muda, hilo ni jambo zito zaidi, na zana inakuruhusu kukagua saini ya mtengenezaji na pia, tangu toleo la 16 lililotoka mwaka 2014, kuilinganisha alama ya kidijitali ya faili hiyo na kumbukumbu za VirusTotal, ambako inapimwa dhidi ya antivirasi nyingi kwa pamoja. Matokeo huja kama namba mbili: ngapi zimeitilia shaka, kati ya ngapi. Moja kati ya sabini haipaswi kukunyima usingizi. Thelathini kati ya sabini ni habari nyingine.

Mipaka yake inapaswa kujulikana mapema. Ukiiendesha kwa ruhusa za kawaida, haitaweza kukifunga kidirisha cha programu iliyozinduliwa kwa ruhusa za msimamizi, kwa kuwa tangu Windows Vista mfumo unazuia programu ya ngazi ya chini kutuma ujumbe kwa ile ya ngazi ya juu. Itakubidi uifungue nayo kama msimamizi, jambo ambalo kwenye kompyuta ya ofisini huenda usiruhusiwe. Pale skrini inapofifia yote na kukuuliza kama unairuhusu programu kufanya mabadiliko, hutaweza kulenga chochote, maana swali hilo huulizwa kwenye eneokazi tofauti lililotengwa makusudi ili programu za kawaida zisiliguse. Na ipo michakato isiyokubali kufa. Niliwahi kubonyeza Del mara tatu juu ya mchakato uliokuwa ukisoma diski ya nje iliyoanza kuharibika, na mara zote tatu uliendelea kukaa pale pale, kwa sababu uzi wake ulikuwa ndani kabisa ya mfumo ukisubiri jibu la draiva, yaani programu inayoendesha kifaa, na mfumo hauuondoi mchakato hadi ombi la namna hiyo limalizike au lifutwe. Nilichomoa waya wa diski. Kidirisha kilitoweka papo hapo, na mchakato nao ukamulikwa kwa nyekundu na kwenda zake.

Kwa wale wanaokwama na ujumbe kwamba diski ya nje haiwezi kutolewa kwa kuwa bado inatumika, bonyeza Ctrl na F ndani ya Process Explorer, andika herufi ya diski pamoja na nukta mbili, na utaorodheshewa michakato iliyoshikilia faili ndani yake. Ni kipengele cha pili kwa thamani, kwa maoni yangu, baada ya shabaha.

Lugha ni Kiingereza tupu, na maandishi ni madogo. Menyu zimejaa istilahi ambazo hazikuandikwa kwa ajili ya mtu wa kawaida, na hakuna mahali ambapo zana inamweleza mgeni kwamba kati ya vipengele vyake vyote anahitaji vitatu tu. Anayetumia Mac ana njia ya mkato ya Command, Option na Esc, inayomletea orodha ya programu za kulazimisha kufungwa, na anayetumia Linux yenye X11, mfumo wa kuonyesha madirisha, ana xkill, ambayo hugeuza mshale wa kipanya kuwa silaha na kumkata mwenye dirisha lolote litakalobofywa. Zote mbili ni nyepesi kuliko Process Explorer, ila xkill inaua bila kukuambia umemwua nani, na hakuna kati yao inayokuambia alikuwa akisubiri nini.

Kuhusu kidirisha cha printa, nilikifunga siku ile kwa kuuua mchakato wake, nikaridhika. Kesho yake nilipowasha kompyuta kilikuwa kimerudi, mstari wa kijani robo tatu vilevile. Process Explorer ilikuwa imenionyesha mwenyewe, lakini si kazi yake kumzuia asirudi; kwa hilo nilichukua zana nyingine ya mkusanyiko uleule, Autoruns, ambayo huorodhesha kila kitu kinachojizindua kompyuta inapowaka, nikatafuta njia ile ile ya folda niliyoisoma kwenye amri, na nikaondoa alama ya tiki iliyokuwa mbele yake. Printa bado iko kabatini.